Kwa nini mito ya Marekani iko mikononi mwa jeshi

Kilomita kama 50 juu ya New Orleans, kwenye ukingo wa mto Mississippi, umesimama ukuta mrefu wa zege wenye milango 350. Kila mlango umezibwa kwa boriti 20 zilizosimamishwa wima, bega kwa bega, kwa hiyo ukuta mzima una boriti 7,000. Mto unapofura, kreni hutambaa kwenye reli zilizo juu ya ukuta, hushusha ndoana, hung'oa boriti moja, huilaza juu, kisha huifuata ya pili. Utaratibu ni uleule tangu ukuta ukamilike mwaka 1931. Maji yanayopenya hukimbilia ziwa Pontchartrain, na kutoka huko baharini, na jiji lililo chini hupata kupumua.

Mahali hapo panaitwa Bonnet Carré. Anayeamuru boriti zing'olewe ni jenerali wa jeshi.

Katika nchi nyingi jeshi huitwa mafuriko yakishaingia sebuleni: hubeba watu, hujaza viroba vya mchanga, hurudi kambini. Marekani jeshi linakaa na mto mwaka mzima. Linachimbua tope la njia za meli, linaendesha mabwawa, linatoa au kunyima kibali kwa anayetaka kufukia kinamasi, linafukua sumu ya vita vya zamani, na mji ukiteketea ndilo linalotumwa kuzoa majivu. Yote hayo hufanywa na chombo kimoja, Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi, ambacho hata Wamarekani wengi hukilaumu au kukisifu bila kujua kinaamriwa na nani. Mimi naona kinaeleweka vizuri zaidi ukikitazama hivi: sehemu kubwa ya kazi kinayofanya leo ni kukabiliana na matokeo ya kazi kilizoamriwa kuzifanya jana.

Walianza na visiki

Tarehe 16 Juni 1775, makoloni yakiwa vitani na Uingereza, Bunge la wakati ule liliidhinisha jeshi la George Washington liwe na mhandisi mkuu. Wa kwanza alikuwa Richard Gridley. Kikosi cha kudumu kilikuja mwaka 1802, na sheria iliyokiunda ndiyo hiyohiyo iliyoanzisha chuo cha kijeshi cha West Point. Hapo ndipo penye jibu la swali letu. Kwa miaka mingi ya mwanzo, West Point ndiyo iliyokuwa shule ya uhandisi ya nchi hiyo changa. Aliyetafuta mtu wa kupima barabara au kuchora mfereji alimkuta amevaa sare.

Mwaka 1824 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya Gibbons dhidi ya Ogden, kwamba usafiri wa majini unaovuka mipaka ya majimbo uko chini ya serikali ya shirikisho. Haikupita miezi mitatu, Bunge likatoa dola 75,000 za kuondoa mafungu ya mchanga na visiki katika mito ya Ohio na Mississippi. Kisiki hapa si kile cha shambani. Ni mti mzima uliong'olewa na maji, mizizi yake ikanasa kwenye tope, ncha ikabaki imejificha chini kidogo ya uso wa maji, ikiisubiri meli ya mvuke ipite juu yake. Kwa meli za mbao za zama zile, kugusa ncha hiyo kulikuwa ni kupasuka tumbo.

Mtu aliyefanikiwa kuvisafisha hakuwa mwanajeshi. Henry Shreve alikuwa nahodha wa meli za mvuke, akapewa kazi mwaka 1827. Alibuni chombo chenye matumbo mawili, kikiitwa Heliopolis, kilichokigonga kisiki kwa boriti nzito yenye bamba la chuma, kikakinyanyua na kukikata palepale juu ya maji. Baadaye alitumia miaka kadhaa kuvunjavunja msongamano wa magogo katika mto Red, uliokuwa umeziba mto kwa zaidi ya kilomita 200. Mji wa Shreveport umebeba jina lake hadi leo.

Nahodha huyo raia anayefanya kazi ya jeshi ni mfano mzuri wa jinsi Kikosi kilivyo hata sasa. Kina watu wapatao 37,000, na askari miongoni mwao ni wachache sana. Waliobaki ni raia: wahandisi, wanabaiolojia, mawakili, waendesha kreni, wasimamizi wa mikataba. Kanali huja kuongoza wilaya moja ya Kikosi kwa miaka miwili au mitatu, kisha huhamishwa. Fundi wa pampu aliyekuwepo kabla yake hubaki. Mipaka ya wilaya katika kazi za maji haifuati mipaka ya majimbo, inafuata mabonde ya mito, jambo la busara kwa sababu mto hauijui ramani ya kura. Wale wahandisi wa vitani, wanaotega na kutegua mabomu na kutandika madaraja chini ya risasi, ni vikosi vingine kabisa vya jeshi hilohilo.

Na hakuna mradi unaoanza kwa sababu jenerali ameupenda. Bunge huidhinisha kazi kwa sheria moja, kisha fedha zake hutoka kwa sheria nyingine, na kati ya hizo mbili inaweza kupita nusu ya kizazi.

Chukua loki za sehemu ya juu ya Mississippi. Loki ni chumba cha zege chenye milango miwili, kinachopandisha na kushusha vyombo kama ngazi. Chumba cha kawaida huko kina urefu wa mita 183. Lakini boti ya siku hizi husukuma matishari 15 (mashua bapa za mizigo zisizo na injini) yaliyofungwa pamoja, matatu kwa upana na matano kwa urefu, na kila tishari linaweza kubeba tani kama 1,500. Msafara huo una urefu wa karibu mita 300 kabla hujaihesabu boti yenyewe. Hauingii. Basi mabaharia hushuka na kufungua nyaya za chuma, matishari tisa ya mbele huachwa chumbani, boti hurudi nyuma na sita yaliyobaki. Mlango hufungwa, maji hutolewa kwa mteremko wake tu bila pampu, yale tisa huvutwa nje kwa winchi na kufungwa ukutani. Chumba hujazwa tena. Boti huingia na sita zake, hushuka, na kule chini nyaya zote hufungwa upya, ukute ni usiku na mvua inanyesha. Saa moja na nusu au zaidi kwa msafara mmoja, na nyuma yake foleni. Loki nyingi kati ya hizo ni za miaka ya 1930. Bunge liliidhinisha vyumba vipya vyenye urefu maradufu mwaka 2007. Fedha za kujenga cha kwanza, Loki namba 25, zilitoka Januari 2022.

Nahodha aliyekwama foleni humtukana kanali.

Tuta linaloleta tuta

Kwa miongo mingi hoja iliyotawala kuhusu Mississippi ilikuwa moja: jenga matuta, na matuta peke yake. Mto ukibanwa, walisema, utakwenda kasi, na kasi itachimba kina, na kina kitameza mafuriko. Njia za pembeni za kupunguzia maji zilionekana hazina haja, nyingine zikazibwa.

Tarehe 21 Aprili 1927 tuta la Mounds Landing, katika jimbo la Mississippi, lilipasuka. Halikuwa peke yake. Mafuriko ya mwaka ule yalifunika kama kilomita za mraba 70,000, na zaidi ya watu 600,000 wakakosa makazi. Wenye mabenki na wafanyabiashara wa New Orleans, wakihofia jiji lao, waliwashawishi wakubwa tuta la Caernarvon lilipuliwe kwa baruti ili maji yamwagikie jirani zao wa St. Bernard na Plaquemines. Likalipuliwa. Waliozamishwa waliahidiwa fidia, na wengi wao hawakupata cha maana. La kuuma zaidi ni kwamba matuta ya juu yalipasuka yenyewe na kuupunguza mto. Ule mlipuko haukuhitajika.

Sheria ya mwaka uliofuata, 1928, ndiyo iliyozaa Bonnet Carré. Fikra iligeuka: matuta yabaki, lakini mto upewe milango ya dharura na mashamba maalumu ya kuzamishwa. Serikali ikanunua haki ya kufurika juu ya ardhi za watu. Mwenye shamba anaendelea kulima, ila siku ikifika maji yana ruhusa. Katika sheria hiyohiyo kikaingizwa kifungu kinachosema kwamba Marekani haitawajibika kwa namna yoyote kwa hasara itokanayo na mafuriko au maji ya mafuriko. Kiweke akilini kifungu hicho, kitarudi.

Haki ile ya kufurika ilidaiwa usiku wa tarehe 2 Mei 2011. Mto ulikuwa unaukaribia ukingo wa kuta za mji wa Cairo, Illinois. Ng'ambo yake, Missouri, kulikuwa na uwanda wa Birds Point, hekta zaidi ya 50,000 za mashamba, uliotengwa tangu 1928. Jimbo la Missouri lilikwenda mahakamani hadi Mahakama Kuu, likashindwa. Meja Jenerali Michael Walsh akatoa amri. Baruti ya majimaji ilisukumwa kwenye mabomba yaliyozikwa ndani ya tuta, ikalipuliwa, na mto ukateremka. Cairo ikapona. Kijiji cha Pinhook, kilichoanzishwa na wakulima Weusi waliohamia pale kwa kuwa ndiko walikoweza kupata ardhi ya kununua, kikafutika. Kwenye hesabu ya dola uamuzi ule ulikuwa sahihi, nami siwezi kuupinga. Lakini ukiuliza ni nani huwa anaishi kwenye ardhi iliyopangiwa kuzama, jibu halishangazi.

Hata milango ya dharura ina wanaoumia. Mwaka 2019 Bonnet Carré ilifunguliwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Maji baridi ya mto, yasiyo na chumvi, yalitanda kwa wiki nyingi kwenye pwani ya jimbo la Mississippi. Chaza walikufa kwenye vitanda vyao, pomboo wakaokotwa ufukweni na vidonda vya ngozi, na serikali za mitaa za pwani hiyo zikakipeleka Kikosi mahakamani.

Huo ndio mtindo wa mto uliofungwa: unapoziba hapa, pale pananyanyuka. Juu zaidi, mahali paitwapo Old River, Mississippi ulikuwa umeanza kuhama taratibu kuelekea mto Atchafalaya, wenye njia fupi zaidi ya kufika baharini. Ungeachwa, New Orleans na Baton Rouge zingebaki kwenye mkono wa maji uliofifia. Bunge likaamuru mgawanyo usibadilike: asilimia 30 kwa Atchafalaya, 70 kwa Mississippi. Milango ya kuulinda mgawanyo huo ilikamilika mwaka 1963. Miaka kumi baadaye mafuriko ya 1973 yalichimba chini ya msingi na kuangusha ukuta wa pembeni. Ulihitajika muundo wa pili wa kuusaidia wa kwanza, ulikamilika 1986.

Na lipo deni linalodaiwa polepole. Tope la mto ndilo lililoijenga delta ya Louisiana. Mabwawa ya juu yanalizuia, matuta ya chini yanalipitisha moja kwa moja hadi kilindini, mifereji ya makampuni ya mafuta imeingiza chumvi, ardhi inadidimia na bahari inapanda. Tangu miaka ya 1930 jimbo hilo limepoteza karibu kilomita za mraba 5,000 za pwani. Sehemu kubwa ilikuwa ardhi oevu, godoro lililokuwa likipunguza nguvu za mawimbi kabla hayajafika mjini.

Ukuta uliolala

Kimbunga Katrina kilitua tarehe 29 Agosti 2005. Watu wengi hadi leo wanaamini kwamba maji yalipanda juu ya kuta za New Orleans na kumwagikia ndani. Kuna mahali ilikuwa hivyo. Lakini kwenye mfereji wa 17th Street, mmoja wa mifereji inayopeleka maji ya mvua ya jiji ziwani, maji hayakufika juu ya ukuta.

Ukuta huo ulikuwa mwembamba, wa zege, umekaa juu ya mabamba ya chuma yaliyopigiliwa kwenye tuta la udongo, na chini ya tuta kulikuwa na mboji na ufinyanzi laini. Maji yalipopanda yaliusukuma ukuta ukaegemea nje kidogo. Upande wa maji ukafunguka mwanya kwenye mguu wa ukuta. Maji yakaingia kwenye mwanya huo, yakashuka hadi chini, na sasa yakawa yanasukuma kutoka kwenye mizizi. Udongo dhaifu wa chini ukateleza, na ukuta pamoja na nusu ya tuta vikasogea uani kwa watu. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale ukuta ulikuwepo, ufa ndio uliopatikana mguuni pake. Mabamba hayakuwa yamekwenda chini ya kutosha, na nguvu ya udongo ilikuwa imekadiriwa kwa matumaini. Kuta na matuta ya jiji vilishindwa mahali zaidi ya 50, na asilimia 80 ya New Orleans ikaingia maji.

Juni 2006 mkuu wa Kikosi, Luteni Jenerali Carl Strock, alikiri hadharani kwamba mfumo ulishindwa na kwamba Kikosi kinabeba lawama. Kauli kama hiyo ni nadra kutoka kwa jenerali, na alistahili kuitoa. Ila hadithi ina tabaka jingine. Kabla ya kuta hizo kujengwa, Kikosi kilikuwa kimependekeza kuweka milango kwenye midomo ya mifereji, pale inapokutana na ziwa, ili maji ya dhoruba yasiingie mjini kabisa. Mamlaka za huko zilizosimamia matuta na pampu za mvua zilikataa, zikihofia milango ikifungwa pampu zao hazitakuwa na pa kumwaga. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Bunge likaelekeza zijengwe kuta. Baada ya Katrina milango ya muda iliwekwa haraka, na mwaka 2018 vituo vya kudumu vya milango na pampu vikakamilika kwenye midomo ya mifereji mitatu. Yaani pendekezo lilelile, limechelewa kwa kimbunga kimoja.

Kulikuwa pia na mfereji wa meli uitwao MR-GO, njia ya mkato ya kwenda baharini ambayo Kikosi kiliichimba kwa idhini ya Bunge. Uliingiza chumvi, ukaua misitu ya kinamasi, ukapanuka kupita kiasi. Mwaka 2009 jaji wa shirikisho alisema Kikosi kilizembea kuutunza. Kuhusu zile kuta zilizoanguka, kifungu cha 1928 kilikuwa kimeshafunga mlango wa madai. Na kuhusu MR-GO, mahakama ya rufaa ilifuta ushindi wa wakazi mwaka 2012 kwa kinga nyingine ya serikali. Mfereji wenyewe ulizibwa kwa mawe.

Upande wa pili wa Kikosi ulionekana wiki hizohizo. Helikopta zilidondosha viroba vya mchanga vyenye uzito wa tani kadhaa kila kimoja hadi tundu la 17th Street likazibwa, kisha kazi ya kulikausha jiji ikaanza. Tarehe 11 Oktoba, siku 43 baada ya kimbunga, walitangaza kuwa maji yametoka, ingawa kati yake kimbunga Rita kilirudisha mafuriko kwenye baadhi ya mitaa. Bunge likatoa zaidi ya dola bilioni 14 za kujenga upya ngome yote ya jiji. Fedha kama hizo hazijawahi kutoka kabla ya maafa.

Amri inatoka wapi

Baada ya maafa Kikosi hakijiendei tu. Kikiwa na mamlaka yake, kinaweza kupambana na mafuriko na kukarabati matuta yaliyosajiliwa. Lakini kuzoa vifusi, kufunga jenereta hospitalini, kutandika maturubai ya bluu juu ya mapaa, yote hayo husubiri mlolongo: gavana anaomba, rais anatangaza maafa, FEMA, shirika la serikali ya shirikisho linaloshughulikia majanga, linaandika agizo la kazi na kiwango cha fedha, kisha Kikosi kinaita makandarasi ambao mara nyingi walishaingia mikataba ya akiba kabla ya msimu. Mtu wa koti jekundu lenye nembo ya ngome uliyemwona uwanjani ni msimamizi. Aliye kwenye kijiko, ile mashine ya kuchimbia, ni mwajiriwa wa mkandarasi wa mkandarasi.

Wakati mwingine agizo huwa nje ya fani. Kimbunga Maria kilipoiangusha gridi ya umeme ya Puerto Rico Septemba 2017, Kikosi kilikabidhiwa kuisimamisha, kazi ambayo hakikuwa nayo kwenye mipango yake. Kiliweka karibu maturubai 60,000, kikafunga jenereta mamia kwa mamia, lakini nguzo na nyaya za kisiwa kizima zilichukua karibu miezi 11.

Los Angeles, Januari 2025, mfano uko karibu zaidi. Mioto ya Palisades na Eaton iliteketeza maelfu ya nyumba. Mwenye kiwanja alipaswa kwanza kusaini fomu ya kuruhusu kuingiliwa. Walitangulia watu wa Shirika la Kulinda Mazingira, EPA, kuokota mitungi ya gesi, rangi, dawa za wadudu na betri za magari ya umeme, ambazo zinaweza kuwaka tena baada ya siku nyingi. Kisha wakaja wa Kikosi. Wakapima asbesto. Maji yakanyunyizwa ili majivu yasipeperuke. Kijiko kikakusanya mabaki, bodi la lori likatandikwa plastiki nene na mzigo ukafungwa kama maandazi kwenye karatasi. Mwisho ikakwanguliwa sentimita 15 za udongo wa eneo la nyumba.

Ni hizo sentimita 15 zilizoleta ugomvi. Kwenye mioto mikubwa ya California ya miaka ya nyuma udongo ulipimwa baada ya kukwanguliwa, na ukikutwa na sumu walirudi kuchimba. Safari hii FEMA ilikataa kugharamia vipimo hivyo. Magazeti na watafiti walipopima wenyewe walikuta madini ya risasi na sumu nyingine zikizidi viwango vya California katika baadhi ya viwanja vilivyotangazwa safi. Wakazi waliwakasirikia watu wa koti jekundu, waliokuwa wakifuata agizo lililoandikwa na wengine. Kwa kipimo cha kasi kazi ile ilikuwa ya kuvutia. Sijui kama mzazi mwenye mtoto wa kutambaa anakitumia kipimo hicho.

Linganisha na Baltimore. Tarehe 26 Machi 2024 meli ya makontena Dali iligonga daraja la Francis Scott Key, daraja likaanguka, wafanyakazi sita wa barabara wakafa. Hapo Kikosi hakikuhitaji kubahatisha wajibu wake: njia ya meli ni ya shirikisho na kuitunza ni kazi yake ya kila siku. Wapiga mbizi walikuwa hawaoni zaidi ya urefu wa mkono, kwa hiyo vyuma vilisomwa kwa mawimbi ya sauti, kipande kwa kipande, kabla hakijakatwa, maana chuma kilichojikunja kinaweza kuruka kama mtego. Kipande kilichoilalia meli kilikatwa kwa baruti tarehe 13 Mei. Tani kama 50,000 zilitolewa, na tarehe 10 Juni njia ikarudi kamili: upana wa mita 213, kina cha mita 15. Ni kazi ya visiki ya Henry Shreve, yenye kreni kubwa zaidi.

Kilichofukiwa

Januari 1993, katika mtaa wa matajiri wa Spring Valley mjini Washington, mkandarasi aliyekuwa akichimba mtaro alifukua makombora. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia jeshi lilijaribia silaha za kemikali kwenye chuo kikuu cha hapo, na vita vilipokwisha baadhi ya mabaki yakazikwa. Mashamba yakauzwa, nyumba zikajengwa, watu wakapanda maua. Kikosi kimekuwa pale kwa miongo, kikichimba chini ya mahema yenye hewa inayochujwa, uani kwa majaji na mabalozi. Ni sehemu ya mpango mpana wa kusafisha maeneo yaliyowahi kuwa ya jeshi na sasa ni ya raia, na yapo maelfu.

Mpango mwingine, FUSRAP, unahusu mabaki ya utengenezaji wa bomu la atomiki. Uliendeshwa na Wizara ya Nishati hadi 1997, Bunge lilipouhamishia kwa Kikosi. St. Louis ndiko kwenye kidonda kikubwa. Kampuni ya Mallinckrodt ilisafisha urani huko kwa ajili ya bomu, na kuanzia 1946 takataka zake zililundikwa wazi karibu na uwanja wa ndege, kando ya kijito cha Coldwater. Mvua ilinyesha, kijito kikabeba, watoto wa vitongoji vya chini wakacheza humo kwa miaka. Leo wahandisi wanatembea kijito chote na vipimo vya mionzi, wakichimba ukingo, uwanja wa mpira, ua wa mtu. Mwaka 2025 Bunge lilipanua sheria ya fidia ya mionzi ikawafikia wakazi wa huko. Mchimbaji wa Kikosi na fomu ya fidia wamefika mtaa mmoja, wamepishana kwa zaidi ya robo karne.

Mto uliorudishwa

Kissimmee, Florida ya kati, ulikuwa mto mvivu wa kilomita 166, umejikunjakunja kama kamba iliyotupwa. Vimbunga vya miaka ya 1940 vilizamisha miji na malisho, wakazi wakaomba msaada, Bunge likaidhinisha, na kati ya 1962 na 1971 Kikosi kikaunyoosha kuwa mfereji wa kilomita 90, wenye kina cha mita 9, ukapewa jina la C-38. Kwa kazi iliyoagizwa ulifanikiwa: mafuriko yalikoma. Lakini uwanda wa kinamasi ulikauka, na bata waliokuwa wakija majira ya baridi wakapungua kwa zaidi ya asilimia 90. Manung'uniko yalianza hata kabla saruji ya milango haijazoea maji.

Ilichukua miaka mingi Bunge kukubali, na kazi ya kuufukia mfereji ilianza 1999, ikakamilika 2021. Gharama ilikaribia dola bilioni moja, mara nyingi zaidi ya kuuchimba. Udongo uliotumika ulikuwa uleule: ulikuwa umelala kando kwa miaka 30, vilima virefu vilivyoachwa na wachimbaji wa kwanza, nao wakausukuma tu shimoni ulikotoka. Maji yalipokosa njia iliyonyooka yaliingia tena kwenye mikunjo ya zamani, yakasukuma matope meusi yaliyokuwa yamejaa humo, na mchanga mweupe wa chini ukaonekana. Kwarara weupe na bata wamerudi, wakati mwingine kwa idadi kubwa kuliko iliyotarajiwa.

Ni sehemu ya kati tu. Juu na chini yake C-38 bado ni mfereji ulionyooka, na utabaki hivyo, kwa sababu uwanda ulipokauka watu walikwenda kujenga humo, na nyumba zao zinalindwa na milango ambayo Kikosi kinaendelea kuifungua na kuifunga kila siku.